Hesabu Mpaka Arobaini

Kwa miaka miwili mwanangu nilimnyoa akiwa usingizini. Baba yake anamulika kwa tochi ya simu, mimi nashika mkasi, tunapunguza upande ulioko juu huku tunaomba asigeuke. Upande wa pili ni kesho usiku. Kuna wiki aligoma kabisa kugeuka, akaenda shule nusu kichwa kimenyolewa na nusu kichaka. Mwalimu akaniuliza taratibu, "Mama, hivi huyu kinyozi wenu ni nani?"

Sasa ana miaka 8. Ana usonji. Haongei sana, na akiongea mara nyingi anarudia ulichosema wewe. Ukimuuliza "Unataka chai?" anajibu "Unataka chai?" na maana yake ni ndiyo, lete. Asipotaka ananyamaza tu. Ukishamzoea mnaelewana vizuri.

Saluni tulishawahi kwenda mara moja, hapa mtaani Majengo, Moshi, alipokuwa na miaka 5. Tena Jumamosi jioni, sijui nilikuwa nawaza nini! Watu wamejaa, sabufa inapiga, mashine tatu zinanguruma. Alipofungwa tu kile kitambaa shingoni alipiga ukelele, akateleza chini ya kiti na kuanza kujigonga kichwa sakafuni. Ushauri ukamiminika. Mzee mmoja akasema huyo anataka kiboko. Mama mwingine akanivuta pembeni akanielekeza kwa mtu wa maombi. Nilimbeba mpaka nyumbani na kitambaa cha watu kikiwa bado shingoni. Nilikirudisha kesho yake, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hawa wanaomsaidia mtoto kuvaa, kula na kuvumilia vitu vinavyomkera. Moshi tuna bahati, wanasomea hapahapa, hospitali ya KCMC. Akaniuliza, "Mama, anachokataa ni nini hasa?" Nikasema mashine, kelele zake. "Una uhakika?" Kwa kweli sikuwa nao.

Nikageuka mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Siku moja niliwasha mashine ya baba yake ya kunyolea ndevu wakati mtoto anakula. Akainuka, akaichukua, akaiweka shavuni, akacheka. Kumbe mtetemo anaupenda! Nikamfunga kanga shingoni: hata sekunde tatu hazikupita, akaing'oa. Nikaloweka pamba kwa spiriti: akakimbilia chumbani. Miaka yote hiyo nailaumu mashine bure.

La tatu nililigundua kwa bahati. Nikimkata kucha huwa nahesabu mpaka kumi kila kidole, naye hutulia. Anapenda kujua kitu kinaisha lini. Kwenye kiti cha kinyozi hakuna anayekwambia.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Moshi ya kukaa siku nzima bila kuuona mlima. Nikaenda peke yangu kwa kinyozi mwingine, kijana mpole. "Kaka, nina masharti, usinicheke." Tutakuja Jumanne asubuhi, kabla ya wateja. Kitambaa hapana, atavaa shati kuukuu. Spiriti hapana. Redio izimwe. Na uhesabu kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hata mimi hiyo spiriti inaniwasha."

Nikapiga picha kwa simu: mlango wa saluni, kiti, mashine, na mwisho kitumbua. Nikazisafisha studio, nikazibandika kwenye boksi kwa mpangilio. Kila asubuhi tunazipitia kwa kidole. Jumanne ya kwanza alikaa kwenye kiti tu, tukaondoka, kitumbua akala. Nililipa hela ya kunyoa kamili, kijana akakataa, nikamwachia mezani. Ya pili, mashine ilimgusa kisogoni mpaka kumi. Ya tatu haikufanyika, alikuwa hajalala usiku, na mtoto asiyelala humpeleki popote. Ya nne tukafika ishirini.

Jumanne ya sita tukakubaliana arobaini. Kijana ananyoa, anahesabu, mwanangu anahesabu naye macho kwenye kioo. Kufika arobaini, mwanangu akashuka kwenye kiti. Makubaliano ni makubaliano. Lakini nyuma ya sikio la kulia kilikuwa kimebaki kichaka cha ukubwa wa kiganja. Mimi nikaona basi, hiyo tutaimalizia usiku kwa tochi, nikaanza kutafuta viatu vyake.

Kijana akachuchumaa mlangoni, mashine mkononi, hakumgusa. "Bado kidogo, mwanangu."

Mwanangu akaitazama ile mashine. "Bado kidogo, mwanangu," akajibu, akarudi kupanda kiti, akaanza upya: moja, mbili, tatu.