Sketi Kumi na Tano Hadi Tanga

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Mbagala, na hesabu zangu zote nazipiga kwa sketi. Ufundi wa sketi moja ya marinda ni shilingi 6,000. Kilo ya nyama, sketi mbili. Umeme wa mwezi, sketi tatu. Na Tanga, kwenda na kurudi, kulala na kula, ni sketi kumi na tano nikijibana.

Kwa miaka minane nilikuwa naweka ya Serengeti. Nilitaka nikawaone nyumbu wakivuka mto, nipige picha nikiwa nimevaa kofia. Kila Januari kibubu kinashiba, kila Machi kinavunjwa: ada, msiba, bati limeng'oka. Mwaka wa tisa nikakivunja mwenyewe kabla shida hazijaniwahi. Nikakuta 74,000. Siku hiyohiyo nikapanda gari la Bagamoyo, nikala samaki, nikakaa ufukweni hadi alasiri, nikarudi kulala kwangu. Chenji ikabaki nyingi tu. Nyumbu sijawaona mpaka leo, lakini nimeshafika Morogoro, Kilwa na Lushoto, na Tanga hii ninayoisimulia ilikuwa mara ya tatu.

Sisi wa sare tuna misimu miwili, Januari na Julai. Shule zikishafunguliwa na wazazi wakishalipa (wale wanaolipa), kunakuwa na wiki mbili tatu za kukaa na kuangaliana na mashine. Hapo ndipo ninapoondoka. Nasafiri Jumanne, gesti zina vyumba na mwenye gesti anakubali kuzungumza bei. Tena sitangazi. Ukiaga mtaa mzima, mtaa mzima utakuuliza umetuletea nini, na nimegundua kwamba kinachomaliza pesa ya msafiri wa hali yangu si nauli, ni zawadi. Safari yangu ya Lushoto, matunda damu na viazi vya watu vilinigharimu kuliko kitanda nilicholalia.

Tiketi nilikata siku moja kabla, Kituo cha Magufuli pale Mbezi, 18,000, sketi tatu kamili. Niliomba dirishani upande wa kushoto. Ukishapita Chalinze gari linaelekea kaskazini na jua la asubuhi linawachoma wa kulia. Waliokaa kulia walilijua hilo tulipofika Mandera, wakaanza kuning'iniza mitandio na makoti dirishani. Mimi nilikuwa na chapati tatu, mayai mawili ya kuchemsha na maji ya nyumbani. Gari liliposimama kwenye hoteli ya njiani, nilishuka kuchimba dawa tu. Chipsi za pale zina bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Tukavuka daraja jipya la Wami, tukapita Mbwewe, Mkata, Kabuku, tukafika Segera, na hapo lazima nieleze aibu yangu. Safari ya kwanza nilijifanya mjanja. Nikapanda gari la Moshi, wakaniambia watanishusha Segera kwa bei nafuu, pale nitapata gari la Tanga muda wowote. Muda huo ulikuja baada ya saa tatu. Magari ya Tanga yalipita yamejaa, na Segera ni njia panda ya kupitia, si mji wa kumkalisha mgeni. Nilikula mahindi ya kuchoma mawili, nikanywa soda mbili, nikalipia choo mara mbili, mwisho nikaingia kwenye gari dogo lililonitoza nusu ya nauli ya kutoka Dar kwa kilomita zisizofika themanini. Nilijumlisha usiku ule nikiwa kitandani: nilitumia 4,500 zaidi ya aliyepanda gari la moja kwa moja, na yeye alifika mchana.

Kutoka Segera kuelekea Hale mkonge unaanza kujipanga mistari kama nyuzi za kudarizi. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai huku ilikuwa 62. Mashamba haya yote yalianzia kwenye hiyo. Abiria wa jirani, mzee aliyewahi kukata mkonge, alinionyesha kiganja chake chenye kovu la mwiba. "Watu wanaona kamba," akasema, "hawaoni mkono." Akalala hadi Pongwe.

Stendi ya Tanga iko Kange, nje ya mji. Dereva wa bajaji alinitajia 5,000, nikamwambia ahsante kaka, nikaifuata daladala. Mji wenyewe hauna haraka. Baiskeli zinapita wanawake wazima wakiwa wamekaa nyuma upande, mkono mmoja kiunoni kwa dereva, mwingine umeshika kapu. Ngamiani, mitaa haikupewa majina, ilihesabiwa: barabara ya kwanza, ya pili, hadi unafika zaidi ya ishirini. Mgeni hapotei. Gesti yangu ilikuwa huko, 15,000, nikalipa usiku mmoja kwanza. Chumba kisafi, feni inazunguka, lakini chandarua kilikuwa na tundu la kupita ngumi. Sisafiri bila sindano na uzi. Nikakaa kitandani nikalishona, mishono ya karibukaribu, nikajipongeza.

Sasa, Tanga ninaye shangazi, dada wa baba. Safari ya kwanza nilifikia kwake, nikiamini nalala bure. Kilo mbili za sukari, mchele, mafuta, doti ya kanga ya shangazi, hela ya pipi ya wajukuu, dawa ya kikohozi ya mmoja wao: 47,000, karibu sketi nane. Hakuna aliyeniomba hata senti. Lakini unaingiaje kwa shangazi yako mikono mitupu? Ndiyo maana safari hii nilipanga gesti, kisha niende kumsalimia kama mtu anayepita.

Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Waja leo?"

"Naja leo."

"Na mzigo wako u wapi?"

Hapo ningeweza kudanganya. "Uko gesti, shangazi."

Ungo ukatulia. "Gesti," akasema taratibu, kama anayetaja ugonjwa. "Mwana wa kaka yangu alale gesti, nami ni hai, natafuna."

"Sikutaka kukusumbua."

"Tanga waja leo waondoka leo, sawa, ndo yetu hiyo tushaisikia. Kulala, walala kwangu." Akamwita mjukuu, akampa baiskeli, na nusu saa baadaye begi langu likawa chumbani kwake. Ile 15,000 haikurudi. Aliyelala usiku ule gesti namtakia usingizi mwema, chandarua kilikuwa kizima.

Nilinunua sukari na mchele, 11,000, nikakoma hapo, ila roho haikutulia. Kisha nikaona kwenye kona, chini ya rundo la nguo, Singer ya miguu. Nikauliza. "Imekufa hiyo," shangazi akasema, "tangu mfungo uliopita." Nikaifunua. Gurudumu lilikuwa zito kama limefungwa. Nikanusa: alikuwa ameitia mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi mwanzo yanateleza, yakikaa yanaganda na kushika vumbi la nyuzi hadi linakuwa ugoro. Nikatoa kichwa, nikasafisha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, nikatia mafuta yake ya haki. Mkanda wa ngozi nao ulikuwa umelegea. Nikaukata kama upana wa vidole viwili, nikautoboa, nikauunga kwa waya. Nilipokanyaga, ikalia ile sauti yake. Shangazi akaja na kanga yake mpya isiyopindwa, akaiweka mezani bila kusema neno.

Kufika isha jirani wa kwanza alikuwa mlangoni na doti yake. Nilitaka kumpindia bure. Shangazi akaniwahi: "Fundi wa Dar huyu, kila kipande mia tano." Hadi naondoka nilipinda doti kumi na tatu. Vipande ishirini na sita, 13,000. Sijawahi kulipwa kwa kutalii.

Jumatano asubuhi nilikwenda Amboni. Mapango yako kilomita kama nane kaskazini ya mji. Daladala inakufikisha barabara kuu, kutoka hapo bodaboda au miguu. Nilikwenda kwa miguu, kusi linapuliza, Julai hakuna joto la kulalamikia. Getini sikukimbilia kuingia peke yangu. Nilikaa chini ya mti hadi likaja kundi la wanafunzi na walimu wao, nikaomba kuungana nao. Anayeongoza watu wengi anasimulia vizuri zaidi, na maswali ya watoto ni bora kuliko yangu. Kusubiri pia kulinipa nafasi ya kukagua sketi zao. Marinda ya kubabaisha, yamepigwa pasi tu bila kushonwa kiunoni, yatafumuka kabla ya Septemba. Nilinyamaza.

Ndani, tochi moja mbele, moja nyuma. Mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji miaka mingi mno, na mwongozaji anakuonyesha: huyu mamba, huu mguu wa tembo, hili kochi. Ukishaambiwa unaona, kabla ya kuambiwa ni mawe. Kuna mahali unainama, kuna mahali unatambaa, na juu yako popo wanalalamika kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Harufu yao inakaa kwenye mtandio hadi ufue mara mbili. Sehemu moja ni ya mzimu: chupa za marashi, vitambaa, sarafu, majivu ya udi. Watoto waliokuwa wanacheka wakaacha. Watu wanaleta haja zao pale, wengine wanatafuta mtoto, wengine mume, na sarafu nyingine zilikuwa bado zinang'aa.

Tulisimuliwa habari za Osale Otango, aliyejificha humu miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya kikoloni, na ile ya mbwa aliyeingia pangoni akatokea Mombasa. Mtoto mmoja akauliza mbwa alikula nini njiani. Wapimaji waliokuja mwaka 1994 walihesabu mapango kumi, na refu kuliko yote halikuzidi mita 900, kwa hiyo Mombasa ni mbali. Lakini mwongozaji aliisimulia kwa mikono na macho, na mimi nilikuwa upande wa mbwa.

Jioni sikutoa hata mia, isipokuwa ya kahawa. Nilikaa bustani ya Jamhuri inayotazama bandari. Mbele yako, katikati ya ghuba, kuna kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani la wafu. Kule yako magofu ya misikiti na makaburi. Wazee wa kahawa waliokaa karibu yangu hawakuwa na habari na Wajerumani. Walikuwa wanabishana kuhusu Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, nani alikuwa bora pale kati, kwa ukali wa watu wanaodhani mechi inarudiwa kesho. Kahawa chungu, kipande cha kashata, jua linashuka nyuma ya mji, majahazi yanageuka rangi. Kwenye magofu ya Tongoni sikwenda, nilishakwenda safari ya pili na makaburi yale ya nguzo hayahami.

Usiku wa mwisho, nikiwa nafunga begi, mama mmoja wa barabara inayofuata akaingia na doti tatu. Nikamwambia mama, naondoka alfajiri.

"Wala sikukimbizi," akasema. "Nenda nazo. Utakuja nazo."

"Nitakuja lini, mama?"

Akamgeukia shangazi, si mimi. Shangazi akasema, "Kabla ya mfungo."

Asubuhi Muheza wauza machungwa walilizunguka gari, mikono juu na nyavu zimejaa. Nikanunua wavu mmoja, nikamenya moja palepale, mengine nikasema ni ya mtaani wakiniuliza. Nilipofika Mbagala nilikuwa na 21,500 mkononi kati ya zile 90,000. Nikazitia kibubuni, nikafungua daftari la kazi, na chini ya sare za Januari nikaandika: doti tatu za Tanga, kupinda, zinatakiwa kabla ya mfungo.