Futari ya mvua za El Nino

Meza ya chakula ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, ilitoka kwa mafundi seremala wa Keko. Ilikuwa ya mninga, na viti vyake sita. Baba aliilipia kidogo kidogo mpaka deni likaisha, na ilipofika kwa mkokoteni majirani walitoka kuitazama, maana mtaani kwetu watu wengi walikula chini, kwenye mkeka, na walikula vizuri tu.

Nimpe baba haki yake. Kabla ya meza ile alikuwa anakula peke yake chumba cha mbele. Mama alimwekea chakula kwenye stuli, akakifunika kwa kawa, akampelekea maji ya kunawa, kisha akarudi uani kula na sisi. Uani palikuwa na sinia moja: mama, bibi mzaa mama alipokuwepo, shangazi, dada wa kazi na sisi watoto. Wababa wengi wa mtaa ule waliishi hivyo na hawakuona tatizo. Baba aliliona. Alikuwa anatusikia tunacheka upande wa pili wa ukuta, na siku moja akamwambia mama, "Mimi nataka kula na wanangu." Meza ilitoka kwenye neno hilo.

Basi meza ikatuleta kwa baba, lakini ikatutoa kwa mama. Viti sita: baba, shangazi, sisi watoto wanne. Hakuna aliyemkataza mama kukaa, na shangazi mara kadhaa aliinuka ampishe. Tatizo jiko lilikuwa uani, kwenye banda, na chakula cha mezani kina safari nyingi. Mara chumvi, mara ndimu, mara mmoja wetu kamwaga mchuzi kwenye kitambaa. Mama alikuwa na maneno yake mawili, "Anzeni, nakuja," na alipokuja sisi tulikuwa tumeshashiba, yeye anakusanya sahani. Alikula uani na dada wa kazi, ukoko na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Zamani sinia ikishatua na yeye ameshakaa. Kilichosahaulika kilisahaulika, au alitumwa mtoto.

Ramadhani ilibadilisha ratiba kidogo. Wanaume walifuturu barazani, kila nyumba inatoa sinia yake, na mpita njia haachwi apite adhana ikishalia. Baba alikuwa huko na wenzake, na sisi wanawake na watoto tulirudi uani. Kwa hiyo kila mwaka kwa mwezi mmoja meza ilipumzika, na mama akawa wetu tena. Lakini baba hakuwepo.

Ramadhani ninayoikumbuka iliangukia mwanzoni mwa 1998, katikati ya zile mvua za El Nino. Nilikuwa darasa la tano na nafunga. Mvua zilikuwa zimeanza tangu 1997 na hazikutaka kuisha. Magomeni inapakana na bonde la Msimbazi, na waliojenga huko chini wanajua bonde lile likijaa linafanya nini. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa tisa alasiri ikabisha hodi familia moja tuliyoifahamu: fundi cherehani, mkewe, watoto wao na mama yake mzee, wote wamelowa chapachapa. Maji yalikuwa yameshaingia ndani kwao. Fundi alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kifuani, amekifunga kwa shuka, na mkewe ana godoro kichwani.

Hakukuwa na mjadala. Baba alipokea cherehani akatazama pa kuiweka, akaiweka mezani. Godoro nalo likawekwa mezani, likafuatwa na mabegi, madaftari ya watoto, mfuko wa unga uliookolewa na redio. Viti vikapangwa juu ya vingine pembeni. Ndani ya muda mfupi meza ya mninga ilikuwa haionekani.

Uani nako kulikuwa kumeharibika. Banda la jiko lilivuja kila mahali, mkaa umelowa, na mama amekuwa akipepea jiko mpaka mkono umekufa ganzi. Mwishowe baba mwenyewe akalibeba jiko kwa matambara akaliingiza ukumbini, karibu na mlango wa chumba cha mbele, dirisha likaachwa wazi moshi utoke. Hapo ndipo futari ilipomalizikia kupikwa: muhogo wa nazi, uji wenye pilipili manga, na changu wawili ambao mama alikuwa amewanunua kwa ajili ya watu wa nyumba moja. Akaongeza tui kwenye muhogo. Shangazi akakata tende vipande ili kila mtu apate.

Umeme ulikatika kabla ya magharibi. Tukawasha chemli. Barazani hapakaliki, uani hapakaliki, mezani pamejaa. Mama alitandika mkeka mkubwa chumba cha mbele na masinia mawili yakashushwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona watu wote wa nyumba yetu wameketi chumba kimoja kula, pamoja na wageni, wanaume upande huu na wanawake upande ule, masinia yakikaribiana kiasi kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono. Mdogo wangu alizunguka na birika na beseni, akianza na bibi yule mzee.

Adhana haikusikika kwa mvua. Ilisikika redioni, kutoka juu ya meza. Tende zikaliwa. Mama alikuwa bado amesimama na upawa mkononi, akasema kama kawaida yake, "Anzeni, nakuja."

Yule bibi akamtazama. "Unakuja kutoka wapi, mwanangu? Jiko si hilo hapo?"

Kweli jiko lilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Mama alilitazama, akatazama watu, nadhani akitafuta kitu kilichopungua. Hakukuwa na kitu. Dada wa kazi alikuwa tayari amesogezwa na shangazi kwenye sinia. Mama akakunja kanga, akaketi kwenye pembe ya mkeka, mahali pembe hiyo ilipokutana na upande wa baba.

Nakumbuka alivyokula muhogo ule. Ulikuwa wa moto, akawa anauhamisha kutoka kidole hadi kidole na kuupuliza, midomo imechongoka. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiunguzwa na chakula chake mwenyewe. Baba alikuwa ameshika changu, anachambua. Alitoa mnofu wa mgongoni, akaupitisha kati ya dole gumba na cha shahada kutafuta miiba, akautoa mmoja, akaupitisha tena. Kisha akanyoosha mkono juu ya mpaka wa masinia akauweka upande wa mama, mbele yake kabisa, bila kusema neno, akarudi kuchambua mwingine kwa ajili ya mama wa fundi. Mama aliinamisha uso akaula.

Wageni walikaa nasi mpaka karibu na Idi, wakarudi kwao kusafisha matope. Meza ikafutwa, viti vikashuka. Usiku wa kwanza baada ya Ramadhani tuliketi kama zamani, mama akasema anzeni, na baba akaweka kijiko chini. Hakuanza. Sisi tukamtazama, tukaweka vijiko vyetu chini, na chakula kikapoa mpaka mama alipoingia na kukuta nyumba nzima inamsubiri. Mwezi uliofuata baba alirudi Keko, na safari hii hakununua viti. Alileta benchi refu, ambalo halina idadi ya watu, na nusu ya nyumba ikahamia huko, dada wa kazi akiwemo.

Baba ametangulia mbele ya haki. Mama ninaye, na mwaka jana nilimuuliza kama anaikumbuka futari ile. Alikumbuka mvua, na akafurahi kukumbuka kwamba cherehani ilipona. Nilipomtajia samaki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka yote namwekea samaki baba yako nafunika. Sikujua kama ana mkono mwepesi hivyo wa kutoa miiba."