Sekunde nne za kimya: siku yangu moja kwenye kipindi cha watoto

Saa 11:40 alfajiri

Siku za kupima sihitaji kengele ya simu. Naamka nikiwa na kobe kichwani. Kobe ni kikaragosi cha sponji, anatosha kwenye begi la shule, na ndiye nyota wa kipindi cha runinga ninachokiandikia, cha watoto wa miaka 3 hadi 6. Leo sehemu yake ya vikombe inapelekwa kwa watoto wenyewe, na aliyeiandika ni mimi.

Ni dakika 3 tu. Kobe anapanga vikombe 5, anavihesabu, Bata anamuuliza, "Vingapi?" Naye anaanza kuhesabu upya. Anaulizwa tena, anaanza tena. Aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka mitatu anaijua hiyo. Mtoto anahesabu vizuri mpaka tano, ukimuuliza vingapi anarudi kule kule kwenye "moja, mbili". Kwake huo ni wimbo. Hajajua bado kwamba neno la mwisho la wimbo ndilo jibu.

Saa 2:15 asubuhi

Kikao cha muswada wa juma lijalo. Tuko wanne: mtayarishaji, mchezesha vikaragosi, mimi, na mwalimu wetu mshauri, ambaye alikuwa anafundisha chekechea wakati mimi nipo chekechea.

Ubishi umeanza kabla hatujakaa sawasawa. Kobe ahesabu "moja, mbili, tatu" au "kimoja, viwili, vitatu"? Mchezesha anataka ngeli ifuatwe tangu mwanzo. "Mtoto gani anasema vikombe mbili?" akauliza. "Wengi tu," Mwalimu akamjibu, "na baba zao pia."

Shida ni kwamba ngeli yenyewe haina msimamo. Viwili, vitatu, vinne, vitano, halafu unafika sita na vazi linavuliwa. Saba hivyo hivyo. Nane inalivaa tena, tisa inalivua. Mtoto anayejifunza kupanda ngazi hii kwa mara ya kwanza anakuta vidato vingine vimeng'olewa.

Mwalimu ndiye aliyetufungua. Kobe ahesabu kwa namba tupu, akigusa kikombe kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Halafu anyamaze, na jibu litoke kwa sura nyingine: vitano. Ya kuhesabia ni "tano", ya kujibia ni "vitano". Lugha imetuwekea alama pale pale mtoto anapopotea, na mimi nimeiandikia miaka yote hii bila kuiona. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye ukingo wa karatasi. Mengine ya kikao kile hayana maana hapa, yalihusu ratiba ya studio.

Saa 4:00 asubuhi

Chekechea. Watoto 8, wanaingia wawili wawili. Mezani kuna runinga, na kando yake kishikwambi kinachobadilisha picha kila baada ya sekunde chache: boti, tembo, puto. Picha hizo ni wapinzani wetu. Mimi nakaa pembeni na karatasi, naweka N mtoto akitazama runinga, H akitazama kwingine.

Njia hii si yetu. Aliibuni Edward Palmer, mkuu wa utafiti wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani kinachoigizwa kwenye mtaa wa kubuni, enzi hizo mashine ya slaidi ikifanya kazi ya kishikwambi. Vipindi vyao vya majaribio vilipopimwa Philadelphia mwaka 1969, watoto walitulia vikaragosi wakiwepo, na wakayumba kila watu wazima walipobaki peke yao mtaani. Wataalamu walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu wa kweli, mtoto asije akachanganyikiwa. Ushauri ukawekwa kando, na vikaragosi Big Bird na Oscar wakapewa makazi mtaani. Huwa naikumbuka hadithi hiyo kila watoto wanaponiaibisha.

Na leo wameniaibisha. Bata anapoteleza kwenye maji na kubwaga trei, karatasi yangu imejaa N tupu. Zamani ningetoka pale nikitembea kwa maringo. Kisha Mwalimu anauliza: "Kulikuwa na nini mule?"

"Bata alianguka!"

"Na vikombe?"

"Vilivunjika."

Havikuvunjika. Vilikuwa vingapi? Mabega juu.

Mwaka 2000 mtafiti Shalom Fisch alilieleza jambo hili vizuri: akili ya mtoto inagawana nguvu kati ya kufuata hadithi na kushika somo, na vikikaa mbalimbali, hadithi ndiyo inayokula sehemu kubwa. Bata wangu alianguka bila sababu yoyote inayohusu tano. Angekuwa ameteleza akikimbilia kikombe cha tano kilichopungua, mtoto asingeweza kusimulia kuanguka bila kuitaja idadi. Nimekosea kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa, na hilo halina wa kumsingizia isipokuwa mimi.

La pili limeniuma zaidi. Katika jozi ya tatu kuna msichana mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Kobe anaitazama kamera: "Vingapi?" Msichana anavuta pumzi, ananyoosha kidole hewani kuelekea kioo, anahesabu kwa midomo bila sauti. Moja. Mbi—

"Vitano!" anasema Kobe.

Kidole kimeshuka. Swali lililofuata hakukiinua tena. Nimeweka N, kwa sababu macho yalikuwa kwenye runinga. Karatasi ile haina safu ya kidole kilichoshuka.

Kwenye muswada niliandika: kimya, sekunde 4. Nimepima kwa saa ya simu. Ilikuwa moja na nusu.

Saa 7:30 mchana

Chakula mkono mmoja, ripoti ya wafadhili mkono mwingine. Wanauliza lile lile la kila mwaka: hivi mtoto anajifunza kweli, au anatulizwa tu? Swali ni la haki. Huwa nawapa mfano wa wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 2019. Sesame Street ilipoanza Marekani mwaka 1969, kuna maeneo yalipata masafa mazuri na mengine yalipata picha ya chenga, si kwa kosa la mtu. Waliwalinganisha watoto wa pande hizo mbili. Waliokuwa bado hawajaanza shule na picha ikiwafikia vizuri, walielekea zaidi kwenda sambamba na darasa la umri wao walipoingia shule. Hiyo ilikuwa antena tu. Nimeandika kurasa mbili, nikafuta moja.

Saa 9:00 alasiri

Chumba cha uhariri. Mhariri wetu ni fundi, alitokea kwenye matangazo ya biashara, na kule sekunde tupu ni dhambi.

"Dada, sekunde nne za kimya ni mwaka mzima. Watu watadhani sauti imekatika."

"Watu gani?"

"Wazazi. Bosi."

Nimemwambia kuhusu Blue's Clues, kipindi cha watoto cha Marekani kilichoanza mwaka 1996. Mwendeshaji alikuwa anauliza, halafu anatazama kamera na kungoja kweli, na kipindi kile kile kilirudiwa siku 5 mfululizo. Watu wazima waliona ni kichaa. Watoto, kadiri walivyorudia kukitazama, ndivyo walivyozidi kukijibu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Basi nikamwonyesha video ya asubuhi. Tunawarekodi kwa ruhusa ya wazazi, kwa kazi hii tu. Akaitazama mpaka kidole kikashuka. Akarudisha nyuma. Akaitazama tena bila sauti.

"Huyu alikuwa anahesabu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilijua wanasubiri tu."

Tukaanza kubishana vizuri sasa, ubishi wa kazi. Kimya cha sekunde 4 Kobe akiwa ameganda kitakufa. Akijikuna au akipiga chafya, ataiba macho. Tumekubaliana atazame vikombe kimoja baada ya kingine, taratibu, shingo tu ndiyo isogee. Bahati nzuri mchezesha alirekodi kipande cha namna hiyo, kilikuwa kwenye takataka. Urefu wake mhariri ameniambia "nitaona". Neno hilo silipendi.

Saa 1:00 usiku

Nyumbani. Mtoto wangu mdogo ana mwaka mmoja na miezi minne na hatazami kipindi changu. Watu hunicheka, mpishi anayewanyima wanawe chakula chake. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri kutazama kioo cha runinga au simu kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unasema kisizidi saa 1 kwa siku, kikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa umri ule hujifunza kidogo kutoka kwenye picha kuliko kutoka kwa mtu anayefanya jambo lile lile mbele yake. Kipindi kizuri hakibadilishi hilo, na mimi sioni aibu kusema.

Mkubwa ana miaka 4. Yeye hutazama, na mimi hukaa naye nikimchokoza kwa maswali, maana hapo ndipo kipindi kinapofanya kazi ambayo kioo peke yake hakiiwezi. Leo hatujawasha. Nimepanga viatu mlangoni, nikamwambia ahesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita."

"Viatu vingapi?"

"Sita."

Nilifurahi nusu dakika, kisha nikacheka mwenyewe. Sita haivai ngeli! Ya kuhesabia na ya kujibia ni moja, sina namna ya kujua kama amejibu au ameurudia mwisho wa wimbo. Nikatoa kiatu kimoja. Akahesabu tena, akafika tano, akanitazama.

"Vingapi?"

"Vitano. Kingine umekificha wewe."

Nimejiandikia: vikombe visiwe 6, wala 7, wala 9.

Saa 3:20 usiku

Ujumbe wa mhariri: "Nimeweka 2 na nusu. Inapumua vizuri."

Nimefungua video ya msichana wa soksi, nikapima tena. Kwa sekunde moja na nusu kidole kilikuwa kwenye kikombe cha pili. Nikamwandikia: "Vikombe viwili, sekunde moja na nusu. Vitano je?"

Alama za kuandika zikaonekana, zikapotea, zikaonekana tena.

"3.75," akajibu.

"Halafu ajibu saa ngapi?"