Kabla hujapeleka picha na video kwa mteja
Jamani wapiga picha wa Moshi na Arusha, picha ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, msiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa, pikseli (vile vidoto vinavyounda picha) zinapungua, na hazirudi tena. Itume kama hati.

Kusafisha (kuchapa) picha ya A4 kunataka pikseli 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa kila inchi. Ya inchi 4 kwa 6, 1200 kwa 1800 zinatosha. Kukuza picha ndogo kwenye kompyuta kunaongeza ukungu tu.

Kwenye video za ukumbini ndipo wengi wanaharibu. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa nyingi, hasa zile za bei rahisi, zinaleta mistari inayotembea, na kuiondoa baadaye ni mateso.

Flashi ya USB ina nafasi lakini faili linagoma kuingia? Hiyo ni FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo kwanza, kisha ifomati iwe exFAT, mfumo mpya zaidi unaopokea faili kubwa. Ila TV nyingine za zamani haziisomi; kwa mteja wa namna hiyo toa video ya MP4 iliyobanwa kwa H.264, iliyo chini ya GB 4.