Mlango wa Makbeth: kumbukumbu za fundi wa jukwaa

Wiki ya kwanza

Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kimekata shauri: mwaka huu ni Makbeth, igizo la Mwingereza Shakespeare. Tanzia nzima, kuanzia radi ya mwanzo hadi kichwa cha mfalme kinapoletwa mbele za watu. Tunatumia tafsiri ya S. S. Mushi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Wengi wanajua kwamba Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, na Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi bado vinatajwa. Mushi hatajwi sana, na mimi naona tumemdhulumu. Kazi yake ina zaidi ya miaka hamsini, na ukiisoma kwa sauti bado inakaa vizuri mdomoni.

Mimi siigizi. Ni seremala, karakana yangu iko Ngamiani, na katika kikundi nashika jukwaa, vifaa na sauti. Anayetuongoza tunamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Alinipa orodha: majambia mawili, koroboi, kigoda, bati la kupigia radi. Chini kabisa kaandika "mlango".

Nikamwuliza, "Mwalimu, mlango wa nini na sisi tunaigizia uwanjani, hakuna hata ukuta?"

"Fundi, nenda kasome tendo la pili. Halafu uje tuzungumze."

Nimelisoma usiku, karakanani. Makbeth kamwua mfalme Duncan, ndugu yake wa damu na mgeni aliyelala nyumbani kwake. Hatumwoni akiua. Tunamwona akitoka na majambia yanayochuruzika damu, amesahau kuyaacha chumbani. Mkewe anamnyang'anya, anayarudisha, anawapaka damu walinzi waliolala. Hapo mlango unagongwa. Kimya. Unagongwa tena. Wamesimama wawili hao, mikono myekundu, na mgongaji hachoki.

Nilifunga daftari nikakaa nikiutazama mlango wa karakana yangu mwenyewe. Nimeshaunda milango mingi tangu nianze kazi hii, na sijawahi kufikiria mlango upande wa aliye ndani na hataki kufungua.

Wiki ya pili

Kitabu tunacho kimoja tu. Kurasa zimegeuka rangi ya chai na gundi ya mgongo imekauka. Tuliogopa kukibana kwenye mashine ya kopi. Kwa hiyo kila mmoja amenakili kwa mkono maneno yake, na juu ya kila kipande ameandika maneno ya mwisho ya mtu anayemtangulia. Mwalimu akasema hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya waigizaji wa London zama za Shakespeare mwenyewe: mtu hakupewa igizo zima, alipewa zamu zake tu. Faida yake nimeiona kwa macho. Asiyejua mwenzake atasema nini hulazimika kumsikiliza.

Fremu ya mlango imesimama. Miimo miwili ya msonobari, inchi mbili kwa nne, urefu futi saba, kizingiti juu na chini, vikwamizo viwili kwa nyuma ili upepo wa bahari usiuangushe. Ubao wenyewe ni wa plaiwudi, maana vijana lazima waubebe. Bawaba tatu. Unafunguka kama maji.

Nikaugonga. Ukalia kama boksi tupu la sabuni.

Wiki ya tatu

Wiki nzima nimeitafuta sauti. Nimejaza magunia nyuma ya plaiwudi, ikafa kabisa. Nimepigilia vipande vya mninga, ikawa kali kupita kiasi, kama mtu anagonga meza ya mkutano. Ilinilazimu kukubali kwamba mlango wa kuonekana na mlango wa kusikika ni vitu viwili.

Jumatano mzee mmoja jirani alinipa ubao wa mlango wa mvule, mabaki ya nyumba iliyobomolewa. Unene wake ni inchi mbili, umeliwa na mchwa upande mmoja, matundu ya misumari ya zamani bado yapo. Nimeuning'iniza kwa kamba nyuma ya jukwaa usiguse kitu. Kwa ngumi, sauti ilikuwa ndogo. Kwa nyundo, ilikuwa ya chuma. Mwishowe nikachukua mchi wa kinu wa mama watoto, nikaufunga kanga kichwani mikunjo mitatu, nikapiga.

Mbwa wa mtaa walinyamaza. Sauti ilitoka chini, ikanipanda miguuni kabla ya kunifika masikioni. Mama watoto alitoka jikoni akauliza, "Kuna nini huko?" Nikajua nimeipata.

Wiki ya nne

Kijana anayeigiza Macduff ndiye anayegonga, kwani katika igizo ni yeye aliyekuja alfajiri kumwamsha mfalme. Mazoezi ya Jumamosi alipiga mchi mara tatu vizuri sana, halafu kwa mazoea tu akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Woga wote ukatoweka, uwanja mzima ukauhisi ukitoka. Makbeth wetu alishusha mabega kabisa, kama mtu aliyefikiwa na shemeji.

Tulikaa chini tukalizungumza zaidi ya saa nzima, na kwangu hayo ndiyo mazungumzo bora tangu tuanze. Ukisema hodi unampa aliye ndani sauti yako. Anakujua wewe ni nani, umri wako, kama una shari au una haja ya chumvi. Anapata nafasi ya kujifunga kanga vizuri, ya kuficha alichonacho, ya kusema karibu au subiri kidogo. Hata mleta habari ya msiba saa nane za usiku hupiga hodi kwanza. Mlango unaogongwa bila hodi haukuombi ruhusa. Waingereza wa zamani waligonga tu, kwao si ajabu, hivyo kimya kile hakiwatishi kama kinavyotutisha sisi. Mwandishi katupa kitu ambacho kwa Kiswahili kinauma zaidi, na ni kwa sababu ya neno ambalo halipo.

Basi hodi imeondolewa. Macduff wetu anajifunga kitambaa mdomoni anapogonga, asije akajisahau.

Wiki ya nne, bado

Suala la wachawi watatu wanaomtabiria Makbeth limetuchukua jioni mbili. Mwanzoni vijana waliwapanga wale watatu wawe bibi vizee, macho mekundu, wameinama. Mama mmoja wa kikundi, mzaliwa wa Shinyanga, alisimama akasema kwa upole kwamba yeye hatashiriki. Kwao amewaona akina bibi wakinyooshewa kidole kwa sababu macho yamekuwa mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni na samadi. Wengine wamekatwa mapanga.

Hakuna aliyebisha. Mwalimu akaongeza kwamba igizo hili, lililoandikwa mnamo 1606, lilitungwa chini ya mfalme aliyeyaamini mambo hayo: James, kabla ya kutwaa enzi ya Uingereza mwaka 1603, alikuwa mfalme wa Scotland, alishiriki kuwahoji watuhumiwa wa uchawi wa North Berwick, na mwaka 1597 akatoa kitabu kizima juu ya mashetani na wachawi. Wanawake waliuawa kule pia.

Tumeamua wale watatu wawe wavuvi vijana wenye nyavu. Wanatabiri, hawalogi. Na ukifuatilia maneno, hakuna popote wanapomwambia Makbeth aue. Wanamwambia atakuwa mfalme. Kisu ni mawazo yake na ya mkewe. Mfalme katili asiyekuwa na mchawi wa kumsingizia anatisha zaidi, na ndivyo ninavyotaka watu wetu wamwone.

Wiki ya tano

Damu. Nimechemsha choya hadi maji yakawa mazito, nikaongeza wanga wa muhogo kijiko baada ya kijiko. Rangi ni nzuri, nyekundu inayoelekea zambarau, na chini ya taa inakuwa nyeusi. Inashika kwenye vifundo vya vidole na inaingia chini ya kucha. Huko ndiko tatizo lilipo: Makbeth anatoka jukwaani mikono imejaa, na anatakiwa kurudi safi, amevaa nguo za kulalia, ajifanye ametoka usingizini.

Kati ya kutoka na kurudi kuna bawabu. Nilikuwa nikimwona bawabu kama mchekeshaji wa kupitisha muda, na kumbe muda wenyewe ndio kazi yake: anaongea ili muuaji anawe. Nimemhesabia kwa saa. Akisema maneno yake yote bila haraka anatupa dakika mbili na nusu. Ndoo, sabuni ya kipande, brashi ya kucha, na kijana mmoja wa kumwaga maji. Mara ya kwanza Makbeth alirudi na wekundu kwenye kidole gumba. Nikapunguza wanga. Mara ya tatu alirudi safi, maji yakimdondoka viwikoni, na Mwalimu akasema tusiyafute.

Bawabu mwenyewe ni dereva wa daladala, na ni hazina. Kalewa, anajiona yuko kwenye mlango wa Jahannamu, kila mlango unapogongwa, kwake ni mwenye dhambi mpya. Yupo mtu wa ndimi mbili anayeapa pande zote. Hapo watu wa London walielewa mara moja, kwani mwaka 1605 palikuwa na njama ya kulipua bunge kwa baruti, na kwenye kesi zilizofuata viapo vya mafumbo vilikuwa gumzo. Kwetu huyo anapita tu. Lakini yupo mkulima aliyeficha nafaka akingoja njaa ipandishe bei, mavuno yakawa mengi, akajinyonga. Tulipofika hapo mafundi wa gereji waliosimama kututazama walipiga makofi. Huyo wanamfahamu.

(Bawabu analinda mlango, bawaba inaushika. Nimetengeneza bawaba maisha yangu yote na sikuwahi kuyasikia maneno haya mawili yakiwa jirani hivi.)

Wiki ya sita

Karamu ya mfalme mpya tumeiweka chini, kwenye mkeka, kuzunguka sinia moja. Makbeth ameshaagiza rafiki yake Banquo auawe njiani. Anakuja kukaa na wageni, na anasema hakuna nafasi. Mkeka una pengo, kila mtu analiona pengo, wamejibana makusudi kumwachia mfalme wao. Yeye peke yake anamwona mtu pale. Hatutaweka mwigizaji wa mzimu. Mikono sita iko kwenye sinia moja, mfalme amesimama anatetemeka, na wali unapoa.

Macbeth wa historia, nimesoma, alitawala Scotland miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan aliuawa vitani, si kitandani. Nilimhurumia kidogo mtu huyo. Jina lake limebebeshwa jambia lisilo lake.

Kichwa cha Makbeth kinacholetwa mwishoni: gunia lililojazwa makumbi ya nazi, limefungwa kamba. Kimetosha.

Wiki ya saba

Umeme ulikatika katikati ya mazoezi, na dada anayeigiza Bibi Makbeth hakusimama. Aliingia na koroboi yake, anatembea usingizini, anasugua mkono. Uso wake ulikuwa nusu tu. Tulipata bahati kuuona usiku ule, kwani sasa taa zote zitazimwa hapo.

Anafika mahali anaposema manukato yote ya Arabuni hayawezi kuusafisha mkono wake mdogo. Kwa mtazamaji wa Uingereza Arabuni ni mbali. Sisi udi na marashi yametufikia kwa majahazi tangu enzi na enzi. Tunafukizia nguo za harusi, tunafukizia nyumba yenye msiba. Nikamwomba Mwalimu niweke chetezo upande upepo unakotoka, niwashe udi kabla hajaingia. Tulijaribu Ijumaa. Harufu ilitangulia, ikatukalia, halafu yeye akaja akasema haitoshi. Mama wa Shinyanga alilia.

Wiki ya nane

Mazoezi ya mwisho, majirani wamealikwa, mikeka imejaa hadi kwenye mwembe. Nilikuwa nyuma na kijana wa mchi. Majambia yametoka, mke ameyarudisha. Nikamshika kijana bega, nikamwachia.

Pigo la kwanza. Watoto waliokuwa wakinong'ona waliacha.

La pili.

Kabla ya la tatu, babu mmoja aliyekaa mbele alipaza sauti, kwa hasira ya kweli: "Si upige hodi, wewe!"

Hakuna aliyecheka. Makbeth wetu aligeuka akamtazama babu, mikono mbele, choya ikimdondoka kwenye mkeka, na akakaa kimya muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kijana wangu akanitazama, amuulize nani? Nikatikisa kichwa: piga.

Mambo yaliyobaki. Bawaba ya chini imeanza kulia. Nilitaka kuitia mafuta, Mwalimu kakataa, anaitaka ilie Macduff anapoingia. Matawi ya mivinje, ambayo askari wanayabeba hadi msitu uonekane unatembea, yatakatwa asubuhi yenyewe, siyo leo, yasinyauke. Kanga ya mchi imechanika, mama watoto katoa nyingine. Kesho saa kumi na mbili asubuhi vijana wanakuja na mkokoteni kuubeba ule mvule.