Siku Niliyopiga Hesabu ya Rejesho

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka thelathini, mtoto mmoja, na meza ya chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage na ugali. Ikifika saa tisa naosha masufuria, nafungua kanga ya kiunoni, najisugua limao mikononi kuondoa harufu ya kitunguu (haiondoki), nashika begi naenda darasani. Saa kumi jioni hadi saa moja usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilikuwa nasoma QT.

Kwa asiyeijua: QT (Qualifying Test) ni mtihani wa Baraza la Mitihani kwa watu kama sisi ambao kidato cha pili hatukukipitia. Ukiufaulu, ndipo unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo kile ambacho mtoto wa shule anakisoma miaka miwili, kidato cha kwanza na cha pili, wewe unakimeza ndani ya miezi tisa, huku unga wa chapati umekuganda kwenye kucha.

Mimi darasa la saba nilimaliza 2003. Kata yetu haikuwa na sekondari, na waliochaguliwa kwenda za mbali walihesabika kwa vidole. Miaka michache baadaye shule za kata zikaota kila mahali, na wadogo zangu wote wakapita humo. Mimi niliwahi kuzaliwa, basi.

Darasani tulikuwa kumi na tisa. Mabinti wawili walioachia shule kidato cha kwanza kwa sababu ya ujauzito, dada wa kazi aliyeruhusiwa na bosi wake siku tatu kwa wiki, mlinzi wa usiku aliyekuja na sare kabisa kwa sababu akitoka hapo anaingia lindo, kaka mmoja wa bodaboda ambaye kofia yake ngumu ilikuwa na kiti chake, na mzee wa miaka hamsini na kitu tuliyemwita Babu, aliyetaka cheti kabla hajastaafu. Alitaka cha nini, hakuwahi kusema.

Kasi ya masomo ilikuwa ya kutisha. Mwalimu wa historia alitutoa kwa Homo habilis wa Olduvai Jumatatu, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa tumefika kwenye biashara ya watumwa. Baiolojia tulikariri kanuni za maabara wakati maabara yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Kiswahili, ninachokiongea mpaka ndotoni, nilipata 31 kwenye jaribio la ngeli. Na ukiacha hicho Kiswahili, kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza: mwalimu anaandika Kiingereza ubaoni, anafafanua kwa Kiswahili, wewe unaandika madesa, yaani notisi, usiyoyaelewa vizuri ukitumaini siku moja yataelewana yenyewe. Mengi hayakuelewana. Nikiulizwa leo tulisoma nini QT, nakumbuka vipande tu. Ila hesabu ya siku ile moja ya mwezi wa tano nakumbuka mpaka rangi ya kalamu.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana aliyemaliza shahada anasubiri ajira, mwembamba, shati moja la bluu. Aliandika juu ya ubao "Simple Interest". Chini yake akaandika I sawa sawa na PRT juu ya mia, akageuka.

"Principal ni nini?"

Mlinzi akajibu, "Mkuu wa chuo."

"Na interest?"

Dada wa kazi akasema kwa sauti ndogo, "Kupendezwa."

Babu akaliweka pamoja, kwa upole kabisa: "Kwa hiyo, mwalimu, ukimzidisha mkuu wa chuo mara kiwango mara muda, ugawe kwa mia, unapata kupendezwa." Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Alipoinuka akafuta machozi, akasema interest ya hapa ni riba. Principal ni ile hela uliyokopa. Hapo darasa likanyamaza, kwa sababu hela ya kukopa ilikuwa habari ya kila mtu mle ndani.

Akafanya mifano miwili ya kitabuni, ya mtu anayeweka pesa benki kwa asilimia tano. Kisha akasema kila mmoja atunge swali lake na kulijibu mwenyewe, atafute R, yaani kiwango cha riba kwa mwaka.

Mimi sikutunga. Nilikuwa na mkopo. Nilikopa shilingi 200,000 kwenye hizi taasisi za mtaani ambazo watu wanaziita kausha damu, nusu nikalipia ada ya kituo na madesa, nusu nikanunulia mchele. Rejesho shilingi 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, siku ishirini na sita. Dhamana ilikuwa jokofu langu, ambalo bila hilo sina biashara. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ya bluu ilikuwa imeisha: P ni 200,000. Kumi elfu mara ishirini na sita ni 260,000. Kwa hiyo I ni 60,000. T nikaweka moja. Mwezi mmoja.

Nikapata R ni 30. Nikaona sawa. Afisa mikopo mwenyewe ndivyo alivyoniambia, asilimia thelathini.

Mwalimu akapita nyuma yangu, akainama. Daftari langu lilikuwa na doa la mafuta lililofanya ukurasa uonekane mpaka wa nyuma. Akagusa ile T kwa chaki.

"Dada, muda tunauweka kwa miaka. Mwezi mmoja ni sehemu ngapi ya mwaka?"

Nikafuta, nikaandika moja juu ya kumi na mbili. Nikapiga tena. Mia mara 60,000, gawanya kwa 200,000, halafu ile kumi na mbili ikapanda juu. Nikapata 360.

Nikajua nimekosea. Nikapiga mara ya pili, ikaja ileile. Nikanyoosha mkono.

Mwalimu naye alijua nimekosea. "Riba haiwezi kuwa mia tatu sitini, umeruka sifuri mahali." Akachukua kalamu yangu, akaifanya mwenyewe pembeni, taratibu, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho hakusema kitu. Akaanza tena kutoka juu. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mwalimu, "Hizi namba umezitoa wapi?"

Nikatoa kijitabu cha marejesho kwenye begi. Huwa natembea nacho.

Alikisoma ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ukurasa wa kwanza akaona jambo ambalo mimi nilishalisahau: hela ya fomu, 10,000, ilikatwa siku ileile ya mkopo. "Kwa hiyo mkononi ulipata 190,000?" Nikaitikia. "Na unarudisha kila siku, sivyo? Sasa fikiria. Hiyo laki mbili hukukaa nayo mwezi mzima. Katikati ya mwezi nusu yake umesharudisha. Hii mia tatu sitini ni ndogo kuliko riba yenyewe. Kanuni hii ya kidato cha kwanza inakuonea huruma."

Hayo maneno, inakuonea huruma, sijawahi kuyasahau.

Kaka wa bodaboda alikuwa amegeuka na kiti chake. Akasema pikipiki yake ni ya mkataba, tumpigie na yeye. Dukani iliuzwa 2,300,000. Anampa tajiri 10,000 kwa siku, siku ishirini na sita za mwezi, miezi kumi na minne, kisha inakuwa yake. Safari hii tulipiga darasa zima, mwalimu akiandika ubaoni. Jumla 3,640,000. Riba 1,340,000. Muda kumi na nne juu ya kumi na mbili. Ikatoka karibu na hamsini.

"Hamsini kwa mwaka," akasema kaka wa bodaboda. Akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Kumbe mimi nafuu."

Mzee Babu ndiye aliyeuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo. "Mwalimu, sasa mtu akishajua hivi, anafanyaje?"

Mwalimu akatazama saa. Kisha akatazama ile karatasi ya mada aliyoibandika ukutani mwezi wa pili, mada zote za miaka miwili kwenye mstari mmoja mrefu, zilizokwisha amezitia vema. Alisimama hapo muda kidogo, chaki mkononi. Nadhani alitaka kusema kitu. Halafu akachukua kifutio.

"Kesho coordinate geometry. Mje na rula."

Nilikasirika usiku ule, na kwa muda mrefu nilimkasirikia yeye. Siku hizi nasita. Alikuwa na wiki ishirini na nne mpaka mtihani na mada kumi na kitu mbele yake, na hakuna hata moja iliyoitwa "anafanyaje". Ila bado naamini siku mbili zaidi kwenye ile mada zingetufaa kuliko logarithimu zote, ambazo tulizisoma na sijawahi kukutana nazo tena.

Asubuhi yake afisa mikopo alikuja saa nne kama kawaida. Kijana mpole, anapaki pikipiki kwenye kivuli cha mwembe, anakunywa supu yake, analipa, ndipo anafungua begi. Nikamwuliza, "Mwanangu, huu mkopo wangu kwa mwaka ni asilimia ngapi?"

"Thelathini, mama."

"Hiyo ni ya mwezi. Nimekuuliza ya mwaka."

"Mama, mkopo wetu si wa mwaka. Ni wa mwezi."

Nikafungua daftari nikamwonyesha. Akasoma yale maandishi mekundu, akafuata kwa kidole mpaka kwenye 360, akarudi juu. Nikaona midomo yake ikihesabu. Mteja mmoja akaita chapati mbili, sikumjibu.

"Hii hesabu umeitoa wapi?"

"Shule."

"Unasoma?"

"QT."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo la aibu. "Mimi hesabu nilipata F," akasema. Akakunja daftari langu vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akatoa kalamu.

"Haya, mama. Rejesho."

Nikampa elfu kumi. Akaandika tarehe, akasaini mbele ya namba kumi na sita. Zikabaki siku kumi.