Mkono wa Kushoto

Mwaka 2001 nilikuwa na miaka 19, gitaa la kuazima, na kaseti moja niliyoipenda kuliko nguo zangu zote. Ganda lake lilikuwa limepasuka pembeni, na kwenye karatasi mtu ameandika kwa biro: J. Becker 88. Alinipa binamu yangu, baharia, ambaye naye aliinakili melini kwa Mfilipino waliyekuwa wakilala chumba kimoja. Hakujua mpigaji gitaa yule ni nani. Aliniambia tu, tukiwa tumesimama nje ya geti la bandari ya Kilindini, Mombasa, "Sikiliza, huyu ana vidole ishirini."

Hakuna aliyeimba kwenye kanda ile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwetu pwani hilo si jambo dogo. Taarabu ni mashairi. Ala hutandika jamvi ili maneno yaje yakae. Rafiki yangu wa Majengo aliisikiliza dakika mbili, akingoja mtu aanze kuimba, kisha akaizima. "Huu ni wali bila mchuzi," akasema. Mimi wali ule ulinishibisha.

Nilichokuwa nikikitafuta ni ule mkono. Wapigaji gitaa wa metali, ule muziki mzito wa roki, wana mtindo wa kufagia nyuzi. Mkono wa kulia huteremsha kipigio juu ya nyuzi zote kwa mwendo mmoja, kama anayefagia ua, na wa kushoto hubana na kuachia kila uzi kwa zamu yake, noti zitoke zimetengana kama shanga. Ukichelewa kuachia hata kidogo zinagongana, unabaki na kelele. Kazi yote iko kushoto. Niliirudisha nyuma kanda hiyo miezi minne, mpaka ikaanza kukwaruza, na kila usiku nilifanya mazoezi gitaa likiwa halijachomekwa kwenye umeme ili nisiamshe nyumba.

Siku moja nikaingia saiba, duka la intaneti, Barabara ya Digo, nikaandika lile jina. Ukurasa ulifunguka pole pole, mstari kwa mstari, na ndipo nilipojua kuwa albamu inaitwa Perpetual Burn, kuwa ilitoka 1988, na kuwa Jason Becker, kijana wa Richmond, California, alikuwa hajatimiza miaka 20 alipoirekodi. Alikuwa na umri wangu. Nikateremka chini zaidi. Mwaka uliofuata aliingia bendi ya mwimbaji wa roki David Lee Roth, kazi ambayo kila mpigaji gitaa wa Marekani aliitamani, na hapo hapo mguu ukaanza kumlegea. Madaktari wakamwambia ana maradhi ya ALS, yanayoua neva za kuendesha misuli na mara nyingi kuiacha akili nzima. Walimpa miaka mitatu hadi mitano. Kufikia siku ile nilipokuwa nikisoma alikuwa hai bado, hawezi kusogeza kidole wala kutamka neno.

Nilitoka nje nikasimama juani. Sikumfikiria Becker. Nilimfikiria mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa saa mchana na mpigaji udi usiku. Hakuwa na jina kubwa. Alipiga kwenye arusi za Kibokoni na Kuze, na aliyemwiga tangu ujanani ni Zein l'Abdin, ambaye kwake yeye ndiye mwisho wa udi katika pwani hii. Ramadhani iliyopita alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Alizungumza vizuri, mkono wa kulia ulikuwa na nguvu zake, lakini ule wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichokabidhiwa na mtu akaambiwa akishike. Udi ulitundikwa ukutani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kanda ya taarabu katika nyumba ile. Mkaza mjomba aliwahi kusahau siku moja akiwa jikoni, na Mjomba hakula chakula cha mchana.

Nilikwenda baada ya Alasiri. Nikambusu mkono, ule wa kulia, nikakaa mkekani. Redio kaseti ilikuwa juu ya kabati.

"Mjomba, nina kanda ya Wazungu. Si taarabu."

"Haina udi?"

"Haina."

"Basi weka."

Alivumilia ule ukali wa mwanzo akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha ukaja wimbo uitwao "Air", ambao gitaa zake ni laini, hazina ule mkwaruzo wa umeme, sauti mbili tatu zinakimbizana, moja ikipanda nyingine ikishuka, zinapishana mlangoni bila kugusana. Akafumbua macho.

"Ni wangapi hawa?"

"Mmoja, Mjomba. Anarekodi sauti moja, halafu anajirudia juu yake."

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu kidole chake cha shahada cha kulia kilikuwa kikigonga goti, na si kwa kufuata mdundo. Kilifuata ile sauti ya chini ambayo mimi, kwa miezi minne, sikuwa nimeitia maanani.

"Hata sisi tuna bashrafu," akasema. "Haina maneno, na watu hulia. Mtoto huyu yuwapi sasa?"

Hapo nilitamani ningekuja na kanda nyingine. Lakini Mjomba si mtu wa kudanganywa, nikamweleza yote. Nikamweleza pia kwamba baba yake Becker alimtengenezea ubao wa herufi, naye huangalia upande huu na ule, na anayemsomea huunganisha herufi zikawa maneno. Kwamba hata baada ya maradhi kumkamata aliendelea kutunga kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 1996 ikatoka albamu ya muziki wake, Perspective.

"Yuwatunga, na mkono hana?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na kusema, yuwasema kwa mato?"

"Kwa macho tu."

Akanyamaza muda mrefu. Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nishushia ule udi."

Ulikuwa na vumbi hadi ndani ya matundu. Nyuzi zote 11 zilikuwa zimelegea, na kuzikaza kulituchukua muda: yeye anagusa, anasikiliza, mimi nazungusha vigingi. Mkaza mjomba alichungulia mara moja akarudi jikoni, na vyombo vikaacha kulia huko. Nilimwekea Mjomba udi mapajani, nikapiga magoti kushotoni kwake, nikapitisha mkono wangu pale ulipopaswa kuwa wake.

"Wewe shika. Mimi n'tapiga."

Akaanza na Rasti, mojawapo ya maqamu, ngazi za noti za udi. Kwenye gitaa, freti, vile vipau vya chuma shingoni, hukutengea noti. Weka kidole nyuma yake, umefika. Shingo ya udi ni tupu, mti mtupu mweusi, na noti ya tatu ya Rasti inakaa mahali ambapo gitaa la kawaida halina freti yake. Nilibana pale nilipopajua.

"Yuu kidogo."

Nikasogeza.

"Umepita. Rudi. Bado. Usitafute kwa mato, sikiliza."

Risha yake, kipigio cha udi, ilikuwa ikirudia noti ile ile, pole, bila kuchoka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Nikafumba macho. Nikakitambaza kidole kiasi cha unene wa uzi.

"Hapo," akasema. "Hapo. Usitoke."

Na akaendelea. Alikuwa akiniambia kwa bega lake la kulia noti inayofuata iko wapi, likiinuka nikipanda, likishuka nikishuka, na baada ya muda sikuhitaji kuambiwa kila mara. Nilikosea mara nyingi. Hakusimama hata mara moja. Tuliacha tu adhana ya Magharibi ilipoanza, akaniambia niurudishe udi, si ukutani, niuweke kwenye kiti karibu na kitanda chake.

Usiku nilipolala nilivitazama vidole vyangu chini ya taa. Gitaa huacha mfereji mmoja kwenye ncha ya kila kidole. Nyuzi za udi zimepangwa mbili mbili, ila mmoja tu, na zilikuwa zimeniachia alama pacha, sambamba, nyekundu bado.